Migongo Iliyobeba Chai Yetu

Mpwa wangu aliolewa Kipkelion, katika kaunti ya Kericho, na kila nifikapo kwake huinjika birika la chai kabla sijakaa vizuri kitini. Safari yangu ya mwisho, nikingojea maji yachemke, nilitoka uani kutawadha nikaona jambo lililonishangaza. Kamba za kuanikia nguo zilikuwa mbili. Moja ilikuwa karibu na mlango wa jikoni, imejaa nguo za watoto, leso na kanzu. Ya pili ilikuwa mbali, nyuma ya banda la kuku, na juu yake palining'inia suruali moja, shati moja la mikono mirefu na kofia ya kitambaa. Chini yake palikuwa na karai kuukuu lililopakwa alama ya rangi nyekundu.

Nikamwuliza, "Mwanangu, nguo hizi zimekosa nini hata zikafukuzwa nyumbani?"

Akacheka, kisha akanijibu, "Mjomba, hizo ni nguo za kupulizia kahawa dawa. Baba watoto amekataza zisiingie karai la nguo za mtoto. Zamani nilikuwa nikizifua zote pamoja. Sasa nazifua mwisho, peke yake, nimevaa glavu, na maji yake siyamwagi karibu na kisima."

Jioni mumewe aliporudi tukaendelea na mazungumzo hayo. Yeye ni fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja cha majani ya chai, na siku zake za mapumziko hulima kahawa kwenye mteremko wa kuelekea Fort Ternan. Wenzake kazini walimchagua awe mjumbe wa kamati ya usalama na afya, akapelekwa mafunzoni. "Mjomba," aliniambia, "nilikwenda nikidhani nitafundishwa kuvaa kofia ngumu. Nilirudi nikijua kwamba miaka mingi nilikuwa nikiwaletea wanangu sumu nyumbani, na mama yao ndiye aliyekuwa akiifikicha kwa mikono mitupu."

Maneno hayo yalinikosesha usingizi. Sisi tulio kwenye mimbari na madrasa tumezoea kuwahimiza waajiri wamlipe mtu ujira wake kabla jasho lake halijakauka, na hilo ni haki. Lakini ni mara ngapi tumeuliza ni nini kingine kilichomo ndani ya jasho hilo? Ndugu msomaji, hatari ya kazini haibaki kazini. Hupanda matatu pamoja na baba, huingia na mama mlangoni, hukaa kwenye nguo, kifuani na mgongoni. Na wa kwanza kuizuia ni mtu aliyefundishwa kuitambua.

Jani moja, mikono mingi

Wengi wetu wa mwambao twaijua Kericho kwa jina lililoandikwa kwenye pakiti. Kipkelion ni sehemu ya kaunti hiyo iliyo kando ya reli iendayo Kisumu. Zamani za ukoloni kituo chake cha treni kiliitwa Lumbwa, na reli ilifika ziwani mwaka 1901. Upande wa juu, njia ya Chepseon, ardhi imeinuka na asubuhi zake ni za baridi kali. Huko chai imetanda kama zulia. Ukiteremka kuelekea Fort Ternan joto huongezeka, na chai huipisha kahawa, mahindi na miwa.

Chai hiyo nayo ina jamaa huku kwetu. Sehemu kubwa ya chai ya Kenya huteremshwa hadi Mombasa kuuzwa mnadani. Mnada wenyewe ulianza Nairobi mwaka 1956, ukahamia Mombasa mwaka 1969. Basi kikombe kilicho mbele yako hivi sasa, pamoja na mahamri yake, kimepitia mikono ya mama anayechuma kwenye miinuko ya Kericho na ya kijana wa Mombasa anayepakia magunia ghalani.

Tuifuate safari ya jani hilo. Mchumaji huingia shambani alfajiri, umande ukiwa bado mzito. Hujifunga aproni ya plastiki asilowe, huvaa viatu vya mpira, na hubeba kikapu mgongoni. Huinama, huzungusha kiuno, huchuma majani mawili na kichipukizi chake, hutupa nyuma, kisha huinama tena. Kadiri jua linavyopanda ndivyo kikapu kinavyozidi uzito, naye bado yuko kwenye mteremko wenye utelezi. Malipo yake aghalabu hufuata kilo, kwa hiyo mwili unapomwambia apumzike, mfuko humwambia aendelee.

Kiwandani jani hunyaushwa, husagwa na kukatwa kwa rola zenye meno, huachwa lichachuke, hukaushwa kwa moto, kisha huchekechwa na kufungwa. Kila hatua ina adui wake. Rola haijui tofauti ya jani na kidole. Boila inataka kuni na moto mkali. Mashine zina kelele, na kanuni za Kenya za mwaka 2005 zimekataza mfanyakazi kukaa kwa saa nane katika kelele inayozidi desibeli 90. Kwenye chumba cha kuchekechea kuna vumbi laini la chai, ambalo kwa baadhi ya watu huleta kikohozi na pumu. Yule apendaye harufu ya chai asubuhi huenda asijue kwamba kuna mwenziwe ambaye harufu hiyo hiyo humbana kifua.

Habari za migongo hii zimefika mbali. Zaidi ya watu 1,000 waliofanya kazi ya kuchuma chai Kericho waliishtaki kampuni ya James Finlay Kenya katika mahakama ya Scotland, wakidai kwamba kazi iliwaumiza migongo na viungo. Kampuni ilipinga madai hayo. Mwaka 2023 majaji wa rufaa waliamua kesi isimamishwe ili njia ya fidia iliyowekwa na sheria ya Kenya ifuatwe kwanza. Mimi si hakimu wala si daktari, na sitamhukumu mtu katika jambo lililo mbele ya mahakama. Ninachokitazama ni hiki: mtu akishafika mahakamani, mgongo umekwisha kuumia. Fidia ni haki, lakini hainyooshi uti wa mgongo. Swali la mapema zaidi ni nani aliyekuwa shambani mwenye elimu ya kusema, "Kikapu hiki kimezidi, na mama huyu apumzishwe," na akasikilizwa.

Elimu yenyewe ni ipi?

Watu wengi hudhani mtaalamu wa usalama ni mtu wa kugawa glavu na buti. Mkwe wangu alinieleza jambo alilofundishwa, nami nikaona ni hekima inayofaa kila nyumba. Kinga ina ngazi tano, na hupandwa kwa utaratibu.

Ngazi ya kwanza ni kuiondoa hatari yenyewe. Je, ni lazima kupuliza? Huenda kupogoa miti vizuri na kuokota matunda yenye wadudu kukatosha msimu huu. Ya pili ni kubadilisha: sumu kali iachwe, itumike iliyo hafifu, kikapu kikubwa kiachwe, kitumike kidogo kinachopelekwa kwenye mizani mara nyingi zaidi. Ya tatu ni kuweka kizuizi baina ya mtu na hatari: kifuniko juu ya rola, feni ya kunyonya vumbi, ukuta wa kupunguza kelele. Ya nne ni kupanga kazi: zamu fupi, mapumziko, mjamzito kupewa kazi nyepesi, mpulizaji kutokwenda kinyume na upepo. Ya tano, na ya mwisho kabisa, ndiyo glavu, barakoa na buti.

"Na sisi," alisema, "tulikuwa tukianzia ya tano na kuishia hapo hapo."

Faida ya kuijua ngazi hii ni kwamba humwondolea mfanyakazi lawama isiyo yake. Glavu ni ngao ya mwisho, na ngao hutoboka. Glavu iliyopasuka hata huzidisha madhara, kwa maana sumu huingia ndani na kukaa juu ya ngozi siku nzima. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii mvuke wa sumu. Na wengi hawajui kwamba kwa mpulizaji, mlango mkubwa wa sumu ni ngozi: mgongo pampu inapovuja, mapaja anapopita kwenye majani yaliyolowa, na viganja anapochanganya. Ndiyo maana zile nguo nyuma ya banda la kuku zilistahili karai lao wenyewe.

Hapa hata lugha yetu yatuponza. Twaita "dawa" kitu kinachoua wadudu na magugu. Neno hilo tumelipata katika Kiarabu, na maana yake ni kiponyacho. Mama akimsikia mumewe akisema anakwenda kupuliza dawa, moyo wake hauogopi. Hata huenda akalichukua dumu lake tupu akatekea maji. Mtaalamu wa kweli huanza kazi yake kwa kukiita kitu kwa jina lake. Hiyo ni sumu. Dumu lake huoshwa mara tatu, hutobolewa na kuondolewa, wala halirudi jikoni abadani.

Sheria imesema nini?

Kenya ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, na dada yake ya mwaka huo huo, Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini. Mama zetu na binti zetu wanaofanya kazi hotelini, viwandani, maghalani na shuleni wanastahili kuzijua, hivyo nitayataja machache yaliyo muhimu.

Mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi panatakiwa kuwa na kamati ya usalama na afya. Wajumbe wake ni wawakilishi wa mwajiri na wa wafanyakazi kwa idadi sawa. Hukutana angalau mara moja kila miezi mitatu, na wanatakiwa wapewe mafunzo ya kazi hiyo. Kila mwaka mahali pa kazi panatakiwa kukaguliwa na mshauri wa usalama aliyesajiliwa na Idara ya Usalama na Afya Kazini. Idara hiyo ina maofisa wake wenye mamlaka ya kuingia na kukagua. Wapo pia madaktari walioteuliwa kuwapima wafanyakazi wa kazi zenye hatari. Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia kinafundisha elimu hii hadi shahada za juu. Kijana wako anayeuliza asome nini amalizapo shule, mtajie na hii.

Mfanyakazi akiona hatari kubwa iliyo karibu anatakiwa amjulishe msimamizi mara moja, na mwajiri hana ruhusa ya kumlazimisha kurudi pale mpaka hatari irekebishwe. Wala haruhusiwi kumfukuza au kumwadhibu kwa sababu amelalamikia usalama wake. Ajali ikitokea, mwajiri anatakiwa aipeleke taarifa kwa Mkurugenzi wa Idara ndani ya siku saba, na ikiwa ni ya kifo, ndani ya saa 24. Dai la fidia liwasilishwe kabla ya miezi 12 kupita tangu ajali. Familia nyingi hupoteza haki zao kwa kungoja msiba utulie. Msiba hautulii, na siku hupita.

Elimu ya namna hii si ngeni kwetu. Imam al-Mawardi, aliyefariki mwaka 1058, aliandika juu ya mhtasib, yaani mtu aliyewekwa kusimamia haki sokoni na bandarini. Miongoni mwa kazi alizomtajia ni kuwazuia wenye vyombo wasipakie kupita kiasi chombo kinachoweza kubeba, na kuwazuia wasisafiri upepo unapochafuka. Sisi watu wa jahazi twaielewa hekima hiyo bila ya kufasiriwa. Mhtasib hangoji chombo kizame ndipo aje na sanda. Na hakuwa mtu yeyote tu. Alitakiwa awe na ujuzi wa kile anachokisimamia. Vivyo hivyo wanazuoni wamemtwika dhamana ya madhara yule anayejitia utabibu hali hakuusomea. Mjumbe wa kamati asiyefundishwa yuko karibu na mtu huyo: ana cheo cha kulinda, lakini hana macho ya kuona.

Na ukweli usemwe, kamati nyingine huishi kwenye karatasi tu. Majina hubandikwa ukutani siku mkaguzi atakapokuja. Wengine huchaguliwa kwa sababu ni watulivu, hawaulizi maswali. Mkwe wangu alikiri kwamba mwaka wake wa kwanza alikaa mikutanoni akiitikia tu, kwa kuwa hakujua aulize nini. Baada ya mafunzo swali lake la kwanza lilikuwa dogo: kwa nini kifuniko cha mashine fulani kilikuwa kikifunguliwa wakati wa kuisafisha ilhali bado inazunguka? Jibu lilikuwa kwamba ndivyo ilivyozoeleka. Baada ya vikao vitatu mazoea hayo yalikoma, na swichi ya mashine ile sasa hufungwa kwa kufuli mpaka msafishaji amalize na kuondoka. Hakuna aliyempigia makofi, lakini vidole vya vijana wale vyote vipo.

Kiti cha mwanamke katika kamati

Jambo hili nalisema nikiwa na aibu, lakini kunyamaza kungekuwa aibu kubwa zaidi. Mwezi Februari 2023 shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, lilitangaza uchunguzi wa mashamba ya chai ya Kericho, ambamo wanawake zaidi ya 70 walieleza kudhalilishwa kijinsia na wasimamizi wao kazini. Wapo waliosema walitakiwa wautoe mwili ili wapate kazi au wasiipoteze.

Huenda mtu akasema hilo ni jambo la maadili, si la afya. Nami nauliza: mwanamke aliyelazimishwa akaambukizwa maradhi, akabeba hofu kila asubuhi, akakosa usingizi na heshima yake, je, huyo hakuumia kazini? Hatari ni hatari, iwe na meno ya chuma au iwe na cheo. Na hatari hii haionekani na mkaguzi anayetembea akitazama mashine peke yake. Huonekana na mwanamke aliyefundishwa, aliyechaguliwa na wenzake, mwenye kiti katika kamati na njia ya kufikisha malalamiko ambayo haipiti kwa mdhalimu mwenyewe.

Kwa hiyo, mume au baba anayesikia kwamba mkewe au binti yake amependekezwa katika kamati ya kazini, asimvunje moyo kwa kusema mikutano ni mambo ya wanaume. Amana ya wanawake ikikosa wanawake wa kuilinda, nani atailinda?

Wasiofika ishirini

Sasa natoka kiwandani, kwa maana wengi wa watu wa Kipkelion, kama wengi wa watu wetu wa mwambao, hawafanyi kazi mahali penye wafanyakazi 20. Mkulima mdogo huita vibarua watatu. Fundi seremala ana wanafunzi wawili. Mama muuza mboga yuko peke yake. Hao hawana kamati, na aghalabu hawajawahi kumwona mkaguzi.

Ijumaa ya tarehe 30 Juni 2023, sikukuu ya Idi ikiwa bado haijatoka vinywani mwetu, lori lilipoteza mwelekeo kwenye njia panda ya Londiani, mashariki mwa Kipkelion, jioni watu wakiwa wengi. Liliyagonga matatu yaliyokuwa yamesimama, likawapitia wasafiri na wafanyabiashara wa kando ya barabara. Watu zaidi ya 50 walifariki. Tuliita ajali ya barabarani, na ndivyo ilivyokuwa. Lakini kwa wale waliokuwa wamepanga bidhaa zao pale, palikuwa mahali pao pa kazi. Walikuwa kazini.

Ikitazamwa kwa ile ngazi ya kinga, somo lake ni chungu. Hakuna glavu ya kumkinga mtu na lori. Kinga yake ilikuwa ngazi ya kwanza: soko lihame kando ya barabara kuu kabla ya siku ile. Jambo hilo halimo mikononi mwa muuza mboga. Humhitaji mhandisi, mpangaji wa mji na ofisa wa kaunti waliofundishwa kuutazama umati wa wauzaji na kuona hatari iliyo nyuma yake. Nasi hapa kwetu, tuhesabu vibanda vilivyo ukingoni mwa barabara ya kwenda Mariakani au Malindi, kisha tuulize nani anayevitazama kwa jicho hilo.

Na sisi wa Mombasa tuna somo letu la karibu zaidi. Mwaka 2007 kilifunguliwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kando ya mtaa wa Owino Uhuru. Mwaka 2009 mama mmoja kijana, Phyllis Omido, aliajiriwa huko. Mwanawe mchanga akaugua, na vipimo vikaonyesha kwamba ana madini ya risasi mwilini. Mama alikuwa ameyabeba kutoka kazini, na mtoto akayapata katika maziwa ya mama yake. Tafakari, ewe mama unayenyonyesha: riziki na sumu katika titi moja. Phyllis hakukubali kunyamaza. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, uamuzi huo ulipinduliwa katika rufaa, na mwezi Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurejesha. Mtaa mzima ulijifunza elimu ya risasi kwa damu ya watoto wake, elimu ambayo mtaalamu mmoja mwaminifu angeweza kuitoa kabla ya tanuri kuwashwa.

Mwaka 2022 Shirika la Kazi Duniani liliiingiza haki ya mahali salama pa kazi katika misingi yake mikuu, pamoja na kukataza utumwa na ajira ya watoto. Ni hatua njema. Lakini azimio la Geneva halifiki lenyewe hadi Chepseon au Changamwe. Hupelekwa na watu, na watu hao lazima wafundishwe.

Tuanze na nyumba zetu

Nilipokuwa nikiaga, mpwa wangu alinifungia mkoba wa majani ya chai, akaniuliza kwa upole, "Mjomba, na yule dada anayewasaidia kule nyumbani, mmempa glavu za kufulia?"

Sikuwa na jibu. Nimewafundisha watu fiqhi ya ujira kwa miaka mingi, na mfanyakazi wa nyumbani mwangu sikuwahi kumwuliza kama sabuni inamchoma viganja. Naye ni mwajiriwa kama mwajiriwa mwingine. Sheria ya fidia inamgusa, nasi ndio waajiri wake. Mtume wetu, rehema na amani zimfikie, ametuusia tusiwatwike wanaotutumikia kazi wasiyoiweza, na tukiwatwika basi tuwasaidie. Wasia huo ulitangulia sheria zote nilizozitaja.

Basi haya machache nimeyafanya, na nawaomba nanyi muyafanye. Maji ya jiki yasichanganywe kamwe na dawa ya choo yenye asidi, kwa sababu hutoa gesi ya kuumiza mapafu. Na wote wa nyumbani, akiwamo mfanyakazi, waelezwe hivyo. Jiko la makaa lisiwashwe katika chumba kilichofungwa, kwani moshi wake usioonekana huua mtu usingizini. Mtungi wa maji wa lita 20 usibebwe na mtu mmoja hadi ghorofa ya tatu ilhali wawili wapo. Anayerudi kazini na vumbi la saruji, rangi, betri au sumu ya shambani avue nguo na kuoga kabla ya kumpakata mtoto, na nguo zake zipate karai lake. Na kila mwenye kazi katika familia aulizwe maswali mawili wakati wa chakula: "Kwenu kuna kamati ya usalama? Wajumbe wake wamefundishwa?"

Katika madrasa yetu nimeomba siku moja ya likizo tumwalike ofisa wa usalama kazini azungumze na vijana wanaokaribia kuanza kazi, wavulana na wasichana, kwa sababu mwaka kesho baadhi yao watakuwa kwenye magati, hotelini na juu ya majengo. Tumewafundisha adabu ya kuomba riziki. Tuwafundishe na namna ya kurudi nayo nyumbani wakiwa wazima.

Ile chai niliyopewa bado ninayo. Kila nikiinywa hukumbuka kamba mbili za nguo Kipkelion, na lile karai lenye alama nyekundu. Mwenyezi Mungu awalinde wanaoichuma, wanaoikausha na wanaoipakia, na atujaalie kila mahali pa kazi mtu mwenye elimu na ujasiri wa kusema kabla jambo halijatokea. Amin.